Kitenge Kilichorudi Kwenye Rafu

Jumamosi mama mmoja wa Makuyuni aliingia na binti yake kwenye duka la vitambaa ninakouza, hapa Korogwe. Binti anaanza kidato cha kwanza, na walifuata kitambaa cha yunifomu. Lakini mkono wa mama ulikuwa umeshakamata kitenge cha zambarau, sare ya harusi ya mdogo wake.

"Shikamoo mama. Nikukatie kipi?"

"Marahaba. Hela ya mahindi inatosha kimoja tu, mwanangu."

Binti akadakia, "Mama, chukua kitenge! Mashangazi watakusema."

Mama alikikunjua kitenge, akakiweka begani, akajitazama kwenye kioo. Kisha akakikunja taratibu na kunirudishia.

"Waache waseme. Nitakaa jikoni nipepete mchele. Huko hakuna anayeangalia sare. Kata yunifomu."

Wasomaji wangu, nilimwonea binti yule wivu hadi mkono ukatamani kumpunja kitambaa. Nilipokuwa kidato cha pili, mama yangu naye alisimama kwenye kaunta na hela ya kimoja, na mimi pia nilisema, "Mama, chukua kitenge." Akanisikiliza. Harusini tulipendeza sana. Yunifomu tukaambiana itasubiri mavuno, na mwaka ule mvua haikunyesha; shule nikaiachia hapo.

Nilimkatia kipimo kamili. Binti alikipokea amevuta mdomo, hata asante hakusema. Nikamwonea wivu hata kule kununa.