Tofali Lisilojua Kupinda

Itangazwe bonde zima, na bata wa mtoni wasiachwe: Oddvar Brekkhus, mhandisi wa daraja letu jipya la mbao, ametiwa hofu na tofali. Si la udongo. Ni la kwenye kompyuta.

Wahandisi hukatakata boriti vipande vidogo kwenye skrini, kompyuta ikakokotoa kila kipande kinavyohimili mzigo. Vipande viko vya kila aina, kama jibini dukani. Oddvar alichukua kile kiitwacho tofali, cha kona nane, kwa kuwa ndicho kilichotangulia kwenye orodha, akavipanga safu moja tu. Ikatoka picha ya buluu tupu, salama salimini. Daraja likajengwa.

Asubuhi ya sikukuu ya taifa, Mei kumi na saba, tai shingoni na kahawa mkononi, akaifungua picha ile ajipongeze. Kahawa ikapoa. Akakumbuka kuwa kingo za tofali la aina ile hubaki zimenyooka, uzito uwe wowote. Boriti yake ilionekana ngumu kwa ukaidi wa vipande, si kwa nguvu za mbao. Akaweka vipande vyenye kingo zinazopinda. Buluu ikageuka nyekundu. Boriti ikabonyea zaidi ya mara tatu ya ilivyokuwa mwanzo.

Nje, ngoma za bendi ya shule zilikuwa zikielekea mtoni.

Alitoka mbio na ndara za nyumbani. Masikio yanasikia mbao zikipasuka ambazo bado hazijapasuka. Akasimama penye mdomo wa daraja, mikono kaipanua, mbele ya watoto na matarumbeta yao.

"Oddvar, toka hapo," akasema Solfrid, kiongozi wa bendi. "Umeanza kulewa kabla ya soseji za sikukuu?"

"Hampiti."

"Si wewe uliyesema hata tembo apite?"

"Nilisema. Solfrid, nakuomba, wapitishe barabara ya zamani." Hakuishusha mikono. "Binti yangu yuko safu ya pili."

Solfrid akazitazama ndara, akautazama uso. Akaigeuza bendi.

Baadaye tukapanga matangi ya maji darajani, kulijaribu. Boriti ikalia, ikabonyea kama picha nyekundu ilivyosema, kisha ikapasuka ubavuni. Hapo meya akaandaa hafla, akahutubu sana kuhusu ushujaa, akampa Oddvar kipaza sauti atueleze alikoupata moyo ule.

"Nilichagua kipande kibaya," akasema Oddvar.