Kunde si Mwari

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, ni ile Bi Zaharia, mama wa mume wangu, alipoinama kuingia kibanda changu cha makuti, akavitazama vifuu nilivyovipanga safu kwa safu, akashika kiuno.

Nilikuwa mke mpya pale Mbwajumali, kisiwani Pate. Nimetoka Langoni, mjini Amu, yaani Lamu, na viganja vyangu vilikuwa bado havijaujua mpini wa jembe. Katika vile vifuu vya nazi nilikuwa nimetia udongo na samadi, na mbegu za kila namna: tungule, hizo ninyi mwaziita nyanya, na bilingani, na pilipili, na bamia, na kunde, na maboga. Zote nimezikinga na jua na mvua, nazinyunyizia maji kwa kiganja kama mtu aogeshaye mtoto mchanga.

"Mkaza mwanangu," akasema, "hata kunde umeifungia ndani? Kunde si mwari!"

Nikacheka, kisha nikaona yeye hacheki.

Hakuwa na sababu ya kucheka. Wifi yangu Fatuma alikuwa ameposwa na kijana wa huko kwetu Langoni, na harusi ilikuwa imewekwa baada ya masika. Wakwe zake walikuwa wametuma salamu, kwa heshima lakini zenye mwiba ndani, kwamba wasitaabike watu wa Pate. Mboga za karamu watazichukua wao Mokowe, ng'ambo barani, kwa kuwa kisiwani, walisikia, hakumei kitu ila minazi. Mkwe wangu, Bwana Athumani, mtu mpole asiyepandisha sauti hata akiumwa na nge, alimjibu mjumbe mbele ya baraza nzima: "Waambie mgeni haji na chakula chake. Shamba letu litawalisha."

Maneno yakishatoka hayarudi. Na kila mtu pale barazani alijua kuwa msimu uliopita tungule za nyumba ile hazikutoa hata za kutia katika mchuzi mmoja. Bi Zaharia alizimwaga mbegu shambani kama walivyofanya mama yake na bibi yake, mvua ikazisomba, na zilizosalia zikaliwa na nyenje zikiwa na majani mawili. Ndipo mimi nikaleta habari ya vifuu. Bibi yangu mjini hakuwa na shamba. Alikuwa na kiwanda cha nyumba tu, ua mdogo, na makopo mabovu, na humo alikuza miche ya pilipili na tungule mpaka majirani wakaja kumwomba.

Basi Bi Zaharia akachukua kifuu kimoja chenye mche wa boga, akakigeuza, akautoa na udongo wake. "Ndoo, sogea uone," akaniambia. Mzizi ulikuwa umezunguka kifuu chote, umejisokota kama ukambaa. "Huu wataka kwenda mbali, nawe umeutia chungu. Ukiuhamisha utanuna, na ukiuvunja ushauua. Boga, kunde, bamia, hawa mbegu zao ni kubwa, wana akiba yao tumboni. Watie katika nti, ardhini, uwaachie Mungu na mvua."

"Na tungule, mama?" nikauliza. "Mbegu yake ni kama chembe ya mchanga. Nayo tuimwage nje?"

Alitoka, akasimama mlangoni akilitazama shamba. Mwanangu, mtu mzima kuacha ndia aliyoizoea si jambo dogo. Kisha akasema, "Zako ndogo zilee wewe. Zangu kubwa nitazipanda mimi. Lakini zikifa, utamwambia nini babako Athumani?"

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami nikainama tena juu ya vifuu vyangu.

Masika yakaja kwa hasira. Mvua ya kwanza ilipiga mpaka vijia vikawa mito, na majirani waliowahi kumwaga mbegu za tungule nje wakazikuta zimelundikana mtaroni. Bi Zaharia hakuwa na haraka. Alingoja ardhi ishibe na itulie, ndipo akafukia kunde na bamia na maboga, kila shimo na mbegu zake, akatuwekea zamu ya kuwafukuza kanga. Huku nyuma miche yangu ilikuwa imesitirika na mvua chini ya makuti, imenyooka, kijani kibichi.

Kijani mno, alisema yeye. Mimi nilitaka kuipeleka shambani mara mvua ilipopungua, yeye akanizuia. Kila asubuhi alipanda ngazi akatoa makuti machache, jua likaingia kidogo, kesho yake kidogo zaidi, na maji akaniamuru niyapunguze. "Aliyelelewa kivulini," akasema, "hatupwi juani kwa siku moya." Mashina yakawa magumu, yakapata rangi. Ndipo jioni moja, baada ya sala ya alasiri, wanawake wa mtaa wote wakaja, kila mmoja na kifuu mkononi, tukaihamisha miche huku Fatuma mwenyewe akitutilia maji. Hatukupoteza ila michache.

Ah, mwanangu, laiti ungaliliona lile shamba siku ya harusi! Tungule zilining'inia nyekundu mpaka tukaziegemeza kwa vijiti. Bamia zilitushinda kuchuma. Maboga yalikuwa yamelala ardhini kama watu waliokwisha kula.

Wageni waliposhuka, shangazi wa bwana harusi aliyaona masinia, akainua tungule moja, akaigeuza. "Bwana Athumani, hizi mmezileta kutoka Mokowe?"

Mkwe wangu alikuwa akingoja swali hilo tangu masika. "Bi, hao wa Mokowe wakizitaka, waje wanunue hapa!"

Baraza ikapasuka kwa kicheko, na vigelegele vikatoka jikoni hadi uwanjani. Shangazi naye alicheka, tena sana. Aliomba aonyeshwe shamba, akarudi na kanga yake imejaa bamia. Na Bi Zaharia akanishika mkono, huu wenye sugu sasa, akauinua mbele ya wageni wa kwetu Langoni. "Mwaliniletea mke wa mwanangu," akasema. "Kumbe mwaniletea mkulima mwenzangu." Nililia, sikujificha.

Leo nawaona ninyi vijana na neti zenu za kivuli na trei za plastiki, mwatazama simuni jinsi ya kusia. Nafurahi. Ila msije mkafikiri kuwa ndani ni bora kuliko nje, au nje kuliko ndani. Kila ndege huruka kwa ubawa wake. Mbegu ndogo na dhaifu ilee kitaluni, uizoeshe jua kwa taratibu, uihamishe jioni. Mbegu yenye nguvu zake, yenye mzizi usiopenda kuguswa, ipande pale pale itakapokaa maisha. Na watoto wenu ni hivyo hivyo, na wake zenu, na waume zenu: mjue kwanza aliye mbele yako ni mbegu gani. Ukikutana na mtu aliyelelewa kwa ndia nyingine, usimcheke. Mkae, muulizane, mgawane shamba.

Mwenyezi Mungu aibariki mikono yenu, aiteremshe mvua kwa kiasi chake, na asimnyime mgeni wenu chakula cha shamba lenu. Amina.