Sindano ya Mashavu na Vibao vya Njiani

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nikionekana nimetoka Turwa kwenda sokoni, majirani huuliza nani kafariki. Sasa mtu kama huyo anajazisha mashavu ya nini? Kuku wangu hawakuwahi kulalamika.

Aliyeanza ni wifi yangu. Ana saluni Tarime mjini, na utani wetu hauna breki. Baada ya kung'olewa magego mashavu yalinibonyea, akawa ananikuta jikoni na kuuliza, "Wifi, unanyonya nini humo mdomoni? Kaka yangu nilimwachia mke mwenye mashavu."

Nilicheka, kisha nikaenda kwenye kioo. Haikupita wiki akamleta mama mmoja kutoka Sirari, mwenye begi la filla, ile dawa nzito kama ute inayodungwa chini ya ngozi kujaza palipobonyea. Nilidungwa kwenye kochi langu mwenyewe. Nitoke niende wapi?

Shavu la kulia lilitulia. La kushoto liliuma kama limebanwa na koleo. Yule mama akasema ni kawaida, akafunga begi, akapanda pikipiki, na wifi akarudi saluni.

Mume wangu alikuwa safarini. Mchana huo baba mkwe akaja kuangalia ng'ombe, akakaa uani. Kwetu mke wa mwana hakabiliani na baba mkwe uso kwa uso, kwa hiyo nilijitanda kanga mpaka machoni, nikamwamkia nikiangalia pembeni. Heshima ilinifaa sana kufichia upuuzi wangu. Shavu likazidi kuuma, nami nikazidi kuvuta kanga.

Jioni wifi akaja, akanifunua jikoni. Hakutania. Kando ya pua ngozi ilikuwa nyeupe, imezungukwa na mistari ya zambarau kama wavu. Akatoka mbio uani kumwita baba yake.

Gari lilikuwa moja tu, pikapu ya baba mkwe. Wifi alikaa katikati yetu kama ukuta.

Hospitali daktari alisema filla imeziba mshipa wa damu. Ikifika kwenye mshipa wa jicho, jicho halirudi. Dawa ya kuyeyusha hawakuwa nayo. Alipiga simu mpaka akaipata Mwanza. "Nendeni sasa hivi," alisema.

Baba mkwe aliendesha bila kunitazama hata mara moja. Tulipokaribia daraja la Mto Mara akasema, macho yake barabarani, "Mkwe, ziba jicho la kulia. Kibao kile kimeandikwaje?"

"Kirumi, baba."

Kikatokea kibao kingine. "Na kile?"

Herufi zilivurugika. Sikujua kama ni machozi au ndio upofu wenyewe. Wifi akanifuta jicho kwa ncha ya kanga.

"Soma tena, wifi. Taratibu."

"Bunda," nikasema. Nilimsikia baba mkwe akishusha pumzi.

Mwanza walinidunga ile dawa, jicho likabaki. Kando ya pua nina kovu, ambalo wifi bado hajalitania.

Baba mkwe hanitazami bado, wala mimi simkabili. Lakini akija kuchunga husimama getini, amenipa mgongo.

"Mkwe, yule ng'ombe wa mwisho ana rangi gani?"

Naziba jicho la kulia. "Mwekundu, baba. Ana baka jeupe tumboni."

Anaguna, anawafuata ng'ombe wake. Mimi nabaki nimeziba jicho, namwangalia yule mwekundu mpaka apinde kona.