Beti Nne za Kusimama

Siku waliyofunga ukumbi wa jamii hapa kwetu Shauri Moyo, nilifika getini nimembeba binti yangu mgongoni. Ana miaka tisa na uzito wa gunia la viazi. Soja wa geti hata hakufungua.

"Mama, rudi nyumbani. Bajeti imekatwa. Daktari hatakuja tena."

"Imekatwa na nani?"

"Huko juu."

Huko juu! Kila baya la mji huu hutoka huko juu, na huko juu hakuna mtu anayeshika simu.

Watoto wetu walikuwa wakifanyishwa mazoezi ya viungo pale ukumbini kila Jumanne, bure. Binti yangu alizaliwa kwa shida, miguu yake ikakaza. Daktari wa viungo, mama mmoja mnene wa kwaya, alikuwa akimsimamisha ndani ya fremu ya mbao, anamfunga mikanda kifuani na magotini, kisha anaanzisha wimbo wa kanisani. Wimbo ukiwa na beti nne, ni zote nne. Hakuna kukaa kabla ya amina. Hiyo ndiyo ilikuwa saa yetu. Na aliniambia wazi: miguu hii ikiachwa bila kusimamishwa itajikunja kabisa, halafu dawa ya kuinyoosha itakuwa kisu cha hospitali.

Nikamwomba soja aniazime ile fremu. Akasema ni mali ya serikali. Nilikuwa naiona dirishani, imefunikwa turubai, haimsaidii mtu yeyote. Nilitukana, sitadanganya. Binti yangu akanyoosha mkono kutoka mgongoni akaniziba mdomo.

Sikwenda nyumbani. Nilipitiliza hadi kwa jirani yetu, fundi wa masanduku ya shule, yule anayegonga mabati kutwa nzima. Nikamchorea fremu mchangani kwa msumari. Akakuna kichwa.

"Mathe, mimi najua masanduku tu."

"Basi nitengenezee sanduku la kusimama. Lisilo na kifuniko."

Akampima mtoto kwa kamba, akipiga fundo penye goti, penye kiuno, penye kifua. Siku zote tulizongoja nilimnyoosha miguu kitandani, yeye analia, nami namwambia, kaza roho, mama, kaza roho. Sikuwa tayari kumpeleka kwenye kisu kwa sababu ya kalamu ya mtu.

Jumamosi fundi akaileta. Mbao zimelainishwa, bati limekunjwa kingo zisimkate, mikanda ya begi kuukuu, rangi ya buluu. Na ubavuni, jamani, kibati cha kutia kufuli!

"Na hiki ni cha nini? Unataka kumfungia mwanangu kama blanketi la bweni?"

Akaitazama kazi yake, akaduwaa. "Aki mkono ulijiendea tu." Tulicheka hadi tukashika mbavu. Alipochukua koleo akitoe, binti yangu akakataa katakata. Alikipenda.

Nikamsimamisha pale pale sebuleni, nikaanzisha wimbo. Ubeti wa kwanza magoti yalitetemeka. Wa pili jasho likaanza kumtoka. Wa tatu machozi yakamwagika, nami nikaacha kuimba. Hasira ilinijaa. Watu wazima, wenye watoto wao, wamekaa kwenye viti vizuri wakaona huyu wangu ni gharama isiyo na haja. Nikapiga magoti, nikaanza kumfungua mikanda.

"Mama, unafanya nini?"

"Umechoka. Leo yatosha."

"Bado ubeti wa nne."

"Tutaumalizia kesho."

Akaupiga mkono wangu kofi. "Daktari hamaliziangi hapo."

Kisha akaanza kuimba mwenyewe, sauti inakwaruza, pumzi fupi fupi, vidole vimeking'ang'ania kile kibati cha kufuli. Fundi alikuwa bado mlangoni na koleo lake mkononi. Akavua kofia.

Nikaukaza upya ule mkanda niliokuwa nimeulegeza. Nikainuka, nikasimama naye, tukaimba hadi amina.