Puto la Mifuko Ukingoni mwa Newala

Kaka yangu alikuwa fundi cherehani pale sokoni Newala, miaka ile ya soko huria, maduka yalipoanza kujaa vitu ambavyo utotoni tulivisikia tu. Wenzake walishangilia mitumba na redio za kaseti. Yeye aliipenda mifuko ya plastiki, ile laini inayopeperuka kwa pumzi. Aliikusanya, akaichana, akaiunga kwa pasi ya mkaa juu ya gazeti, hadi akapata puto lililozidi urefu wa mlango mara mbili.

Mimi nilikuwa mwalimu mpya, nikiishi kwake. Kazi yangu ilikuwa kushika ncha na kucheka.

Jaribio la kwanza tulilifanya kwa pupa. Ilikuwa mchana, upepo ukipanda kutoka bonde la Ruvuma. Chini ya puto tulining'iniza kopo lenye pamba iliyoloweshwa mafuta ya taa. Likapaa! Nikapiga kigelegele. Mara upepo ukalilaza ubavu, moto ukashika plastiki, na lote likaangukia mkorosho wa jirani yetu, bibi mmoja mjane. Newala maji ni ya kutafuta, na sisi hatukuwa na hata ndoo moja. Tuliuzima moto kwa mchanga na matawi, nusu ya mti ikiwa imeshaungua.

Tulimwendea bibi tukiwa na masizi usoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mkorosho ule niliupanda na marehemu mume wangu." Hakupaza sauti, na hilo lilituumiza zaidi. "Msimu huu mtanipulizia salfa, dawa ya ukungu wa mikorosho, shamba zima."

Tukampulizia. Kila alfajiri alitugongea dirisha, mpaka kaka akamuuliza kwa nini mapema hivyo.

"Salfa ni vumbi, mjukuu wangu. Jua likishapanda, upepo unaipeleka kwa watu. Saa hizi hewa bado imelala."

Kaka alisimama na mashine ya kupulizia mgongoni, akitazama vumbi likitulia juu ya majani. Siku hiyo hiyo alichukua daftari langu la maandalio ya masomo, akaanza kuandika: upepo unaamka saa ngapi, kamba iwe na urefu gani, nani akae na maji. Mstari mmoja aliupigia mstari chini: moto ubaki ardhini.

Salfa ilipokwisha, puto jipya lilikuwa tayari. Nilipanga foleni ya maji siku mbili, nikapata ndoo mbili. Bibi ndiye aliyetuchagulia mahali pasipo na nyasi. Tulichimba shimo, tukawasha moto ndani, tukalifunika kwa debe lililokatwa kitako ili joto lipande kwa njia moja. Tukalishikilia puto juu yake, likavimba, likasimama wima, likapaa taratibu hadi kamba ikaisha.

"Nikate?" kaka aliuliza, macho juu.

"Ukikata litaangukia kwa nani?" bibi akamjibu.

Hakukata. Alimpa bibi kamba, kisha akanipa mimi, tukapokezana hadi puto lilipopoa likashuka lenyewe. Bibi alikuwa akicheka, kanga imemtoka begani, wala hakujali.

Tulilirusha mara tatu nyingine kabla plastiki haijachanika. Sasa kaka yuko Masasi, macho yamepungua nguvu, hashoni tena. Nikimtembelea huniuliza kama nakumbuka jinsi lilivyokuwa likivuta mkononi, kidogo kidogo.

Namwambia nakumbuka.