Mlinzi aliyewaficha wakwe kuwa amenyang'anywa bunduki

Jua ndiyo kwanza linachomoza na umande bado umeshika nyasi. Mlinzi amelala kifudifudi juu ya gunia, kitako cha bunduki begani, shavu limegusa mbao. Mbele yake, mbali, karatasi ya shabaha imebandikwa kwenye ubao. Anavuta pumzi, anaitoa kidogo, anaizuia. Mtutu unatetemeka.

"Usifyatue," anasema mkufunzi wake, mwanamke aliyechuchumaa kando. "Hebu tazama kucha zako."

Anazitazama. Zimekuwa nyeupe kwa jinsi alivyoikaba bunduki.

Anainamisha uso kwenye gunia. Mtu mzima, baba wa watoto watatu, anafundishwa kushika kitu.

Wenzake wanamwita Jiriwa, kile chuma cha seremala cha kubania mbao. Kabla ya ulinzi alikuwa mpakiaji kwenye ghala la saruji, kazi ambayo mfuko usipoukamata kwa nguvu unakuponyoka na kukuangukia mguuni. Kampuni ya ulinzi ilipomkabidhi bunduki, aliishika vivyo hivyo.

Hakuna aliyegundua, maana mlinzi wa benki anaweza kukaa miaka bila kufyatua hata risasi moja. Kisha kampuni ikaanzisha mtihani wa shabaha. Risasi za Jiriwa zilitawanyika ovyo, nyingine hazikugusa hata ubao. Aliporudia, akaharibu zaidi. Msimamizi akampokonya bunduki mbele ya wenzake, akampa rungu na kumpeleka geti la nyuma, kwenye maegesho ya magari.

"Nilitaka kumwambia mke wangu siku ileile," anasimulia, macho yake yakiwa chini. "Nikafika nyumbani nikamkuta baba mkwe sebuleni. Akaniuliza, 'Habari za silaha?' Nikasema nzuri. Basi, neno likawa limeshatoka, nitalirudishaje?"

Baba mkwe huyo ni fundi viatu aliyeacha kazi kwa sababu ya macho kufifia. Alipomwoza binti yake kwa mbeba saruji, ndugu walimsema sana. Mkwe alipopewa bunduki, mzee akapata la kuwajibu, na akawa anawajibu kila alipokutana nao.

Posho ya silaha ilipokatwa, Jiriwa aliziba pengo kwa kuosha magari siku zake za mapumziko. Nyumbani aliaga kuwa anakwenda zamu ya ziada. Mkewe akawa anamfungia chakula na kumpa pole. "Pole ile ilinichoma," anasema. "Nilikuwa naila na chakula chake."

Asubuhi moja mzee alifika benki na rafiki zake wawili. Kwenye mlango wa mbele hakumwona mkwe wake, akazunguka nyuma kumtafuta. Alimkuta anaelekeza gari lirudi kinyumenyume, rungu kwapani.

"Mwanangu, bunduki iko wapi?"

"Imepelekwa kusafishwa, baba."

Mlinzi mwenzake aliyekuwa kibandani, asijue mzee ni nani, akadakia kwa kicheko: "Bunduki gani tena! Huyu akipewa bunduki, mahali salama ni pale kwenye shabaha!"

Rafiki za mzee wakacheka. Mzee hakucheka. Aliweka kofia yake sawa, akasema, "Kazi njema," akaondoka.

"Angenitukana ningepata nafuu," anasema Jiriwa.

Jioni mkewe alikuwa ameshasikia yote. Hakupiga kelele. "Kunyang'anywa bunduki si kosa," alimwambia. "Lakini nimekuwa nikimpa baba yangu habari za uongo kwa kinywa changu, na wewe umekaa hapo unanisikiliza."

Kesho yake Jiriwa alimfuata mkufunzi wa kampuni na kumwomba amfundishe upya, tangu mwanzo.

Mkufunzi hakumpa bunduki. Alimwambia, "Nipe mkono." Akampa. "Kaka, unanisalimia au unanikamata?"

Kosa lake, anaeleza mkufunzi, ni la kawaida kwa wenye nguvu. Ukikaba kishikio, misuli inachoka na mkono unatetemeka. Kidole kikivuta kifyatulio, vidole vingine navyo vinabana, mtutu unasogea kabla risasi haijatoka. "Huku umesogea kidogo tu, kule mbali umekosa ubao mzima," anasema. "Vidole vya chini vivute bunduki begani kwa utulivu, kama mkono unaompa mtu unayemheshimu. Mkono wa mbele ubebe tu. Kidole cha kufyatulia kiwe huru, kisijue wenzake wanafanya nini."

Haikuwa rahisi. Kila akilegea, anasema, alihisi bunduki itamponyoka kama mfuko wa saruji. Walinzi vijana walipita wakimuuliza kama ameshahitimu kusalimiana. Alivumilia. Polepole matundu kwenye karatasi yakaanza kukaribiana, na kwenye mtihani uliofuata akafaulu. Msimamizi alimrudishia bunduki, naye akarudi mlango wa mbele.

Lakini mazoea ya saruji hurudi, ndiyo maana bado anakuja uwanjani kujinoa, kama asubuhi hii, na bado akikumbuka geti la nyuma anakunja uso kama aliyeumwa jino. Baba mkwe hajakanyaga kwake tangu siku ile. Mkewe alitaka kumpigia mzee simu ampe habari njema, Jiriwa akamzuia.

Jumapili atakwenda mwenyewe, bila sare. Nia yake ni kumwomba mzee awaite wale rafiki zake wawili, kisha aombe radhi mbele yao.

"Habari ya bunduki sitaitaja," anasema. "Nikianza na hiyo, atadhani nimekuja kujisifu, na pengine itakuwa kweli. Nataka kwanza anisikie nikisema nilimdanganya. Akitaka kunitazama baada ya hapo, sawa. Asipotaka, nitakwenda tena Jumapili nyingine."