Saluni Nyeusi ya Bosi

Baba Mapacha alikuwa na uchovu ule wa mtu anayekaa kutwa nzima, ambao watu wa kazi za kusimama hawauamini. Miaka kumi na tisa aliendesha magari ya ofisi moja, na tisa ya mwisho alipewa gari moja tu, saluni nyeusi ya bosi, yenye siti za ngozi na vioo vya giza. Mgongo ulikuwa umekwisha. Goti la kulia, la kukanyagia mafuta, lilimpigia kelele kila alipopanda ngazi. Amebakiza wiki mbili astaafu, na badala ya kuwaza godoro, mwenzenu anawaza gari!

Hakulitafuta, lilimfuata lenyewe. Bosi aliletewa gari jipya, na ofisa utumishi akamwita Baba Mapacha pembeni akamwambia hili la zamani linauzwa, na kwa kuwa yeye ndiye aliyelilea, apewe nafasi ya kwanza. Bei ya kirafiki, akasema. Kirafiki maana yake ingemeza zaidi ya nusu ya kiinua mgongo.

"Nipe jibu Jumatatu asubuhi," ofisa akamwambia. "Shemeji yangu analimezea mate."

Mcheke ukitaka, mimi namwelewa. Uoshe gari kila alfajiri miaka tisa, ulijue linavyokohoa siku za baridi, halafu jioni ulifunge na kurudi nyumbani kwa miguu! Tena alimfikiria mkewe. Mama Mapacha alikuwa mpishi wa shule, wa yale masufuria ambayo mtoto angeweza kuogea ndani. Alilea mapacha wao mpaka wakaenda kujitegemea, na maisha yake yote hakuna aliyewahi kumpeleka mahali kwa raha. Baba Mapacha akajiambia kwamba gari lilikuwa la mkewe pia. Alijiambia hivyo mara nyingi mpaka akaanza kuamini.

Akalipeleka kwa fundi wake wa siku zote, ambaye kila mtu alimwita Oili kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona msafi. Oili akaingia uvunguni, akakaa huko mpaka mwenzake akadhani amelala.

"Injini ni nzima," akasema alipotoka. "Gia boksi inaanza uvivu. Na hizi shokomzoba za hewa zinazolilainishia mwendo, ndugu yangu, ikifa moja tu utanikumbuka."

"Spea zake zipo?"

"Spea zipo. Hela ndiyo haipo kwa watu wa aina yetu." Akajifuta mikono kwenye suruali, ikatoka michafu zaidi. "Hili lilitengenezewa mtu asiyemjua fundi wake kwa sura. Wewe unanijua mpaka mama mkwe wangu. Ila kama roho imependa, mimi ni nani?"

Roho ilikuwa imependa, hiyo ndiyo shida.

Jumamosi mchana akaomba ufunguo, akalipeleka nyumbani ili amzungushe mkewe. Mama Mapacha akatoka amevaa viatu vyake vya kutokea. Hapo mumewe akafanya kosa bila hata kujua. Alizunguka, akafungua mlango wa nyuma wa kushoto, akausimamia wima.

"Heh! Leo mimi ndiye bosi?" mkewe akacheka.

"Ingia, mama."

Akaingia, siti ikammeza. Baba Mapacha akafunga mlango taratibu kama alivyozoea, akakaa mbele, akaondoka.

Sasa, hawa madereva wa mabosi wana jambo lao. Siku ya kwanza kazini mkuu wa magari alimpa onyo moja tu: yanayosemwa siti ya nyuma si yako. Baba Mapacha alilishika kuliko sala. Bosi alifukuza watu kazi kwa simu humo ndani, akagombana na mkewe humo humo, siku moja akalia kama mtoto, na dereva mbele hakusikia kitu. Wala hakuwa akijifanya. Alifika mahali ambapo sauti ya nyuma kwake ilikuwa sawa na sauti ya matairi. Hata kioo cha ndani alikigeuza kidogo ili asigongane macho na mtu. Honi alisikia, king'ora alisikia, na akitajiwa mahali pa kwenda alisikia, basi.

Wakapita kituo cha mafuta, wakapita viwanda, wakashika barabara ya kupanda kilimani. Gari lilikuwa linateleza tu. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi mgongo ukanyamaza, naye akaanza kupanga mambo: ataliegesha upande gani wa nyumba, atanunua turubai la rangi gani, majirani watasema nini. Walipofika juu alikuwa ameshalinunua kichwani. Akasimama kwenye uwanja wa kugeuzia magari, akazima.

"Haya, unasemaje?" akauliza kwa furaha, bado anatazama mbele.

Akapapasa usukani akisubiri.

"Mama Mapacha?"

"Nimeshasema."

"Umesema nini?"

Akageuka. Mkewe alikuwa ameukunja mtandio wake mikononi, macho mekundu.

"Nimeongea tangu kituo cha mafuta mpaka hapa," akasema polepole. "Nikadhani unaniacha nimalize."

Baba Mapacha akatafuta kichwani mwake hata neno moja la mkewe. Hakulipata. Aibu ikampanda. Angemwambia nini mwanamke huyu, kwamba alimsikia kama matairi?

Akashuka, akafungua mlango wa nyuma wa upande wa pili, akaketi kando yake. Miaka yote ile hakuwahi kuikalia siti hiyo. Aliipigia magoti tu, akiisugua kwa brashi.

"Niambie tena."

"Sasa haitatoka vizuri. Mwanzo nilikuwa nimeipanga."

"Itoke ilivyo."

Ikatoka vipande vipande. Kwamba ule mkono aliofungwa bandeji mwezi uliopita, hakuumia kwa kuteleza mlangoni kama alivyodai. Alianguka jikoni shuleni, amebeba sufuria, miguu ikakataa tu. Kwamba imekataa mara tatu tangu hapo. Kwamba alikuwa akikingoja hicho kiinua mgongo kama mgonjwa anavyongoja kupambazuke, ili siku mumewe anayoacha kazi naye aache, wapumzike pamoja. Hakusema mapema kwa sababu kila jioni alimwona akirudi hoi, akaona vibaya kumwongezea.

"Ukilinunua nitaendelea kupika, sikatai," akasema. "Lakini nimechoka, Baba Mapacha. Nimechoka."

"Mbona hukuniambia?"

Swali lile alilijutia kabla hajalimaliza.

Jumatatu akaweka ufunguo mezani kwa ofisa utumishi, akasema mpe shemeji yako. Ofisa akamwuliza kama ni bei. Hapana, si bei. Moyo ulimuuma, tusidanganyane. Alipoliona linatoka getini na mtu mwingine amekamata usukani, tena anaingiza gia kwa pupa, ilimbidi ageuke atazame ukuta.

Siku hizi wako nyumbani wote wawili. Wanachelewa kuamka mpaka majirani wanawasema. Miguu ya Mama Mapacha ina siku zake, kuna za nafuu na kuna za kukaa tu kwenye kiti. Baba Mapacha amekuwa msikilizaji mpaka anamkera. Ukimtajia bei ya vitunguu anaacha kila kitu akutazame usoni.

Lakini siku ile walipokuwa wakishuka kilimani, Mama Mapacha amekaa mbele, alimwambia kwamba kulikuwa na jambo jingine alilolisema walipokuwa wakipanda, karibu na mwisho wa maneno yake, na hilo hatalirudia. Mumewe amemwuliza mara nyingi mno.

"Lilikuwa baya?"

"Wala halikuwa baya. Lilikuwa zuri."

"Basi niambie, mke wangu. Sasa nasikia."

"Ulikuwa kazini," humjibu, bila hasira yoyote, akiendelea kumenya viazi.